Namba ya LUCID ni ileile, mbona duka limefungwa?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Naishi Hamburg na nauza kanga, vikoi na viungo vya Zanzibar kwa njia ya mtandao. Mzigo nauagiza mwenyewe: nguo zinatoka Dar es Salaam na Mombasa, viungo vinatoka Unguja kwenye magunia, nami huku navijaza kwenye vichupa vya kioo vyenye nembo yangu. Wateja wengi wako Ujerumani. Ufaransa napeleka kiasi, na Austria vifurushi vichache sana kwa mwaka.

Nilijisajili LUCID, rejista ya vifungashio ya Ujerumani, miaka mitatu iliyopita na nikafunga mkataba na kampuni ya urejelezaji. Kila Desemba inakuja ankara, nalipa, yanaisha. Oktoba iliyopita nilifungua UG, yaani kampuni ndogo yenye dhima yenye mipaka, na duka la mtandaoni nikalihamishia jina la kampuni. Desemba nikalipa kama kawaida. Sasa soko la mtandaoni ninalouzia limeniandikia kuwa namba yangu ya vifungashio haikuthibitishwa, na bidhaa zangu zote za Ujerumani zimefichwa. Namba ni ileile ya siku zote. Nimeiingiza mara tatu, inakataliwa. Bidhaa za Ufaransa bado zinaonekana, ila kwenye taarifa ya mauzo kuna makato ya ada ya mazingira ambayo siyaelewi.

Kuna mtu amenipigia simu akasema nimpe euro 290 anisajili upya nchi zote tatu kwa siku mbili. Nimlipe? Na kuhuisha usajili ni kufanya nini hasa? Ndani ya LUCID sioni popote pa kubofya. Nikiri pia kwamba kilo za vifungashio ninazotaja kila mwaka ni 100 za karatasi. Nilikisia tu mwaka wa kwanza na sijazibadilisha.

Muuza Kanga, Hamburg

JIBU

Dada, huyo mtu usimlipe. Sheria ya Ujerumani ya vifungashio, VerpackG, inakutaka ujisajili mwenyewe na upeleke takwimu zako mwenyewe. Mshauri anaweza kukaa pembeni akakuelekeza, lakini kukusajili kwa niaba yako hawezi. Tena LUCID ni bure. Inaendeshwa na Zentrale Stelle Verpackungsregister, ofisi iliyoko Osnabrück, na haitozi senti kwa kujisajili wala kwa kubaki umesajiliwa. Pesa unayolipa Desemba ni ya kampuni ya urejelezaji, inayoshughulikia taka za vifungashio vyako, na hilo ni jambo la pili kabisa.

Pa kubofya hupaoni kwa sababu hapapo. Usajili wa LUCID si leseni ya biashara ambayo muda wake unakwisha. Namba inabaki yako maadamu maelezo yaliyo nyuma yake ni ya kweli. Vinavyopitwa na wakati ni jina, anwani, nembo, na zaidi ya yote kilo. Kwa hiyo kuhuisha ni kuhakikisha mambo matatu yanasema kitu kimoja: jina lililoko LUCID, mkataba wako na kampuni ya urejelezaji, na takwimu ulizopeleka pande zote mbili. Kwako wewe, yote matatu yamepishana.

Tuanze na jina, maana ndilo lililofunga duka. Mbele ya sheria UG ni mtu mwingine. Namba ya zamani ni yako wewe kama mfanyabiashara binafsi, na huwezi kuirithisha kampuni hata kama mwenye kampuni ni wewe peke yako. Tangu tarehe 1 Julai 2022 soko la mtandaoni linakatazwa kumruhusu auze mtu ambaye hana usajili na mkataba wa urejelezaji, kwa hiyo linalinganisha akaunti ya muuzaji na rejista ya LUCID, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Akaunti yako ina jina la UG, rejista ina jina lako. Hata ukiiingiza mara ishirini itakataliwa.

Fungua usajili mpya kwa jina la UG. Jina liandike kama lilivyo kwenye rejista ya makampuni, pamoja na neno haftungsbeschränkt (dhima yenye mipaka) ndani ya mabano. Watu wengi huliacha kwa sababu ni refu, kisha akaunti ya soko inakuwa nalo na LUCID haina, au kinyume chake. Weka namba ya HRB, yaani ya kampuni kwenye rejista hiyo ya makampuni, na namba mpya ya kodi ya kampuni, si zile za zamani. Kwenye nembo, andika jina lililoko kwenye lebo za vichupa vyako. Kanga na vikoi ambavyo vifuko vyake havina nembo yoyote, jina la kampuni linatosha.

Ukimaliza unapewa namba inayoanza na DE ikifuatiwa na tarakimu 13. Zihesabu. Hapa watu hujikwaa kwa sababu Wajerumani wamependa kuweka DE kila mahali: namba ya VAT ni DE na tarakimu 9, namba ya vifaa vya umeme ni DE na tarakimu 8, na ankara ya kampuni ya urejelezaji ina namba yake ya mkataba. Ukiingiza mojawapo ya hizo kwenye kisanduku cha vifungashio, utajibiwa hivyohivyo kuwa haikuthibitishwa. Nafasi tupu iliyonaswa mwishoni wakati wa kunakili nayo huweza kuleta jibu hilohilo, kwa hiyo ni afadhali uichape kwa mkono.

Ukishaipata namba ndipo uende kwa kampuni ya urejelezaji, maana mkataba unahitaji hiyo namba. Waandikie kuwa mwenye biashara amebadilika, waambie tarehe UG ilipoanza kuuza, na uombe mkataba kwa jina la UG kuanzia tarehe hiyo. Ile ankara ya Desemba uliyolipa kwa jina la zamani waombe waihamishie mkataba mpya au wakurudishie, kutegemea masharti yao. Usikubali tu wabadilishe anwani ya ankara. Ankara ikiwa na jina jipya huku mkataba bado una namba ya zamani, hakuna kilichobadilika.

Kisha rudi LUCID. Hatua hii ndiyo unayoelekea kuwa umeiruka miaka yote, kwa sababu hakuna ankara inayokuja kukukumbusha. Kilo zilezile unazoiambia kampuni ya urejelezaji unatakiwa uziingize LUCID pia, na bila kukawia: jina la hiyo kampuni ya urejelezaji, kipindi, aina ya malighafi na uzito. Mwanzoni mwa kipindi unapeleka makisio, Planmengenmeldung. Mwaka ukiisha unapeleka uzito halisi, Jahresabschlussmeldung. Katikati ya mwaka, makisio yakibadilika, unarekebisha pande zote mbili. Ofisi ya Osnabrück inapokea takwimu pia kutoka kwa kampuni za urejelezaji, inaziweka pamoja na zako na kuangalia zinalingana. Mtu aliyelipa kilo 200 lakini LUCID yake ina kilo 100, au haina kitu, anaonekana mara moja.

Sasa hizo kilo 100. Dada, unajaza viungo kwenye vichupa vya kioo halafu unataja karatasi peke yake?

Kwenye sheria hii anayewajibika ni mzalishaji, na mzalishaji si mwenye kiwanda. Ni yule wa kwanza kuingiza sokoni Ujerumani, kibiashara, kifungashio chenye bidhaa ndani. Kwa kuwa unaagiza mwenyewe, vifuko vya plastiki vilivyokuja na kanga kutoka Dar ni juu yako, si juu ya aliyekuuzia kule. Vichupa unavijaza wewe, ni juu yako. Boksi la posta unalolifunga ni juu yako pamoja na karatasi ya kujazia, utepe wa gundi na lebo ya anwani. Muuza maboksi akikuambia boksi lake limeshalipiwa, usimsikilize: kulipiwa mapema na msambazaji kunakubalika kwa vifungashio vya huduma tu, kama mfuko wa mkate au kikombe cha kahawa ya kubeba. Boksi la posta halimo.

Chukua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Tupige mfano, namba utaweka zako. Boksi tupu gramu 160, karatasi ya kujazia 30, utepe wa karatasi 4, lebo 2. Jumla 196. Ukipeleka vifurushi 600 ndani ya Ujerumani, hiyo ni kilo 117.6 za karatasi. Vifuko vya plastiki vya kanga, gramu 9 kila kimoja, vipande 850: kilo 7.65 za plastiki. Vichupa 700, kioo gramu 120 kila kimoja: kilo 84 za kioo. Mifuniko yake ya bati, gramu 7: kilo 4.9. Mfuniko unapimwa peke yake kwa sababu mteja anaufungua kwa mkono, na bati linaingia kwenye safu ya chuma, si ya alumini. Gusa kwa sumaku kama huna hakika. Lebo iliyogandishwa kwenye kichupa haihitaji safu yake. Jumla kilo 214.15 katika safu nne tofauti, wewe ukitaja 100 kwenye safu moja.

Makosa mengine kwenye hesabu hii hujificha. Maboksi ya mzigo kutoka Mombasa ukiyatumia tena kumpelekea mteja, yamegeuka kuwa maboksi ya posta na yanaingia kwenye hesabu. Boksi kuukuu ulilolipata kwa jirani nalo linahesabiwa, isipokuwa unaweza kuonyesha ushahidi kuwa lilishalipiwa, na ushahidi huo kwa kawaida hakuna anayeuweka. Ukituma kupitia ghala la watu wanaokuhifadhia na kukufungia mzigo, maboksi yao pia ni juu yako. Waombe orodha ya uzito kwa kila saizi. Na vifurushi vya Ufaransa na Austria vitoe kabisa kwenye kilo za Ujerumani. Vinahesabiwa kule vinakoenda.

Kwa mwaka uliokwisha utafunga hesabu mara mbili: Januari hadi Septemba kwa jina lako na namba ya zamani, Oktoba hadi Desemba kwa UG, au kwa tarehe kamili uliyohama kama haikuwa mwanzo wa mwezi. Akaunti ya zamani usiikimbilie kuifuta. Peleka kwanza takwimu za mwisho wa mwaka, kisha ujulishe kuwa shughuli kwa jina hilo zimekoma na tarehe yake. Tarehe ya mwisho ya kupeleka uzito halisi iko kwenye mkataba wako na kampuni ya urejelezaji, na kampuni hazifanani, kwa hiyo ifungue uisome leo.

Miaka iliyotangulia nayo usiiache. Iandikie kampuni ya urejelezaji uombe kuongeza kilo zilizopungua kwa kila mwaka, ukigawa kwa malighafi, kisha rekebisha LUCID kwa miaka hiyohiyo. Kama vifurushi hukuvihesabu, taarifa za mauzo na risiti za vichupa zitakupa idadi. Kwa kilo kama hizi gharama haiumizi. Kinachoumiza ni faini: kutolipia vifungashio kunaweza kufika euro 200,000, kutojisajili 100,000, na juu yake marufuku ya kuuza. Huo ni ukomo wa juu, si bei ya kila kosa, lakini marufuku ya kuuza unaiona sasa hivi kwa macho yako.

Kuna hati moja ambayo wababaishaji hupenda kuwatishia nayo wauzaji wadogo, Vollständigkeitserklärung, yaani tamko la ukamilifu, inayotakiwa kila tarehe 15 Mei ikiwa imekaguliwa. Haikuhusu. Inaanza kwa anayepitisha kilo 80,000 za kioo, au 50,000 za karatasi, au 30,000 za plastiki, metali na michanganyiko kwa pamoja.

Ufaransa. Hayo makato ndiyo jibu: huna namba ya Kifaransa, kwa hiyo soko linalipa kwa niaba yako na kukukata, kama sheria inavyolitaka tangu mwanzo wa 2022. Kule namba ya utambulisho inaitwa IDU, inatolewa na ADEME, wakala wa mazingira wa Ufaransa, na kila aina ya bidhaa ina yake. Wewe unahitaji mbili. Ya vifungashio unaipata kwa kujiunga na mojawapo ya mashirika ya urejelezaji, Citeo, Adelphe au Léko; sura yake ni FR, tarakimu sita, mstari wa chini, 01, kisha herufi nne. Ya nguo unaipata kupitia Refashion, maana Ufaransa nguo, vitambaa vya nyumbani na viatu vina mfumo wao wa urejelezaji. Kanga ni vazi. Kikoi ukikiuza kama taulo la ufukweni hakikwepi, kwa sababu vitambaa vya nyumbani navyo vimo. Namba ya LUCID usiiweke kwenye kisanduku cha Ufaransa, na hizo mbili za Kifaransa usizipishanishe.

Kule nako kila mwaka kuna tamko la mauzo ya mwaka uliopita, linalofunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na usipolifanya IDU yako inakosa nguvu hata kama namba haijabadilika. Kwa vifungashio kuna tamko jepesi la wauzaji walio chini ya vipande 10,000 vinavyouzwa kwa mwaka. Chukua hilo, usijitese na fomu ndefu. Hakuna kiwango cha chini cha kusamehewa: vipande 30 vinatamkwa kama vipande 3,000. Jambo linalosahaulika ni kwamba IDU inatakiwa ionekane kwenye masharti yako ya mauzo na kwenye tovuti yako, kama unayo. Vifungashio vya kwenda kule vinahitaji pia Triman, alama ya Kifaransa ya urejelezaji, na maelekezo ya kutenganisha taka. Ujerumani haikudai uchapishe namba wala alama yoyote kwenye boksi.

Kwa Austria maoni yetu ni mafupi: kwa vifurushi vichache, funga. Tangu tarehe 1 Januari 2023 muuzaji wa nje asiye na ofisi kule lazima awe na mwakilishi aliyeidhinishwa, kwa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na mthibitishaji wa serikali. Sharti hilo linashika hata kwa kifurushi kimoja. Ada ya mwakilishi na ya hati vikijumlishwa vinaweza kumeza faida ya kanga zote unazopeleka Vienna. Zima Austria kwenye mipangilio ya usafirishaji, uifungue siku mauzo yakikua. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya vifungashio, (EU) 2025/40, inayotumika kuanzia tarehe 12 Agosti 2026, nayo ina masharti kuhusu wawakilishi, kwa hiyo kabla ya kuongeza nchi mpya swali la kwanza liwe hilo.

Na nguo hazitabaki jambo la Ufaransa na nchi chache peke yake. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya, (EU) 2025/1892, yaliyoanza kushika Oktoba 2025, yanazipa nchi wanachama miezi 30 kuanzisha mfumo wa aina hiyo. Kwa hiyo anza sasa kuandika kila mwezi idadi ya kanga na vikoi kwa nchi unayopeleka, hata kule ambako hakuna anayeuliza.

Wiki hii, dada: usajili wa UG kwanza, mkataba wa pili, kilo LUCID za tatu, hapohapo siku moja ukiweza. Tafuta jina la kampuni kwenye rejista ya wazi ya LUCID kama mtu wa nje, uhakikishe linaonekana lilivyoandikwa. Ndipo uiingize namba mpya kwenye soko, na wakiuliza uwapelekee uthibitisho wa usajili pamoja na wa mkataba, vyote viwili vikiwa na jina la UG. Ukipeleka kimoja watakurudisha.

Kichupa kipime kikiwa kitupu na kikavu, na upime kumi kwa pamoja kisha ugawe. Vichupa vya bei nafuu hupishana gramu kadhaa kimoja na kingine, na kwa vichupa 700 gramu tano tu ni kilo tatu na nusu.